Saa ya Luanda, Siyo Ile ya Angola

Kila anayekaa Kisumu anajua kwamba kule ng'ambo watu hubadilisha saa zao, hata kama hajawahi kuambiwa kwa nini. Amefundishwa na mpira. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, zile mechi za Jumamosi alasiri za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa kumi na moja jioni hapa kwetu. Inafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Jumamosi inayofuata mechi zilezile zinaanza saa kumi na mbili. Wenye vibanda vya mpira kule Kondele hawangoji tangazo. Wanafuta ubao, wanaandika upya, biashara inaendelea. Za Ligi ya Mabingwa nazo zinahama kutoka saa nne usiku hadi saa tano, na siku ya pili unawaona watu ofisini macho mekundu kama waliokesha matangani.

Mimi mpira siufuati sana. Habari ya saa za dunia nimefundishwa na simu ya familia. Mama yuko Luanda, kaunti ya Vihiga, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapopita kando ya soko. Kaka yetu mkubwa yuko Minneapolis, Marekani, anahudumia wazee katika makao ya wazee, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Dada anayemfuata yuko Melbourne, Australia, na watoto wadogo. Binti ya senje, yaani shangazi yetu, yuko Riyadh, Saudia, kazi za nyumbani. Mimi na kitinda mimba tuko Kisumu. Mara moja kwa mwezi tunaongea sote pamoja: karo ya watoto wa marehemu baba mdogo, mabati ya nyumba ya Mama, dawa zake za presha, na ile kesi ya mpaka wa shamba ambayo haijawahi kukosa kwenye ajenda.

Kitinda mimba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka saa za miji yetu yote kwenye simu. Akaandika Luanda, simu ikamletea Luanda, akaridhika. Kumbe ile ni ya Angola, mji mkuu wa watu, na iko saa 2 nyuma yetu. Kwa muda alikuwa anatuambia Mama bado hajapika chakula cha mchana wakati Mama ameshaosha vyombo. Kwenye orodha za simu, Kenya yote ni Nairobi, kuanzia Lamu mpaka Busia. Weka Nairobi, usijisumbue.

Kabla ya hapo hatukuwa na mpango wowote. Kaka alikuwa anapiga akipata nafasi, na nafasi yake ilikuwa saa moja jioni ya siku zake za mapumziko, ameshakula, ametulia kwenye kochi. Saa moja jioni ya Minneapolis, wakati wa kiangazi chao, ni saa tisa usiku Luanda. Mama alikuwa anaamka. Anawasha taa, anajifunga leso, anakaa kitandani na simu yake ya kabambe sikioni akijibu maswali ya ng'ombe na ya fundi. Ukimpigia baadaye asubuhi unakuta sauti nzito, na ukimuuliza anasema ni baridi tu. Kaka hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa anaona simu inapokelewa mlio wa pili, akadhani Mama siku hizi anachelewa kulala.

Nimetazama familia nyingi za huku kwetu zenye watu ng'ambo na naona jambo lilelile: anayetuma pesa ndiye anayechagua saa. Hakuna aliyekaa akapitisha azimio hilo. Linajiweka lenyewe, kwa sababu anayepokea anaona haya kusema "mwanangu, nilikuwa nimelala" kwa mtu aliyetuma ya mabati wiki iliyopita. Ndiyo maana watu wanaonishauri nipakue programu ya kupanga saa huwa nawasikiliza tu. Programu itakwambia Minneapolis ni saa ngapi. Haitakwambia nani anaogopa kumwambia nani.

Aliyevunja huo ukimya ni Dada. Kwenye kikundi cha WhatsApp aliandika tu: "Kaka, Mama ana miaka sabini na kitu. Hiyo saa unayompigia ni ya wachawi." Kaka alinyamaza siku nzima, kisha akajibu kwa kuuliza tupange saa gani. Hapo ndipo kazi ilianza.

Sasa, hesabu yenyewe. Kenya iko saa 3 mbele ya ile ya Greenwich, kule Uingereza, ambayo dunia nzima huhesabia saa zake, na hapo ndipo inapokaa mwaka mzima. Hatubadilishi kwa sababu hatuna cha kukimbiza. Luanda hadi lile bango la ikweta pale Maseno ni safari fupi ya matatu, na mtu anayeishi juu ya mstari huo ana mchana wa saa 12 na dakika chache, Januari na Julai sawasawa. Wajerumani walianza kusogeza saa mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili waokoe makaa ya mawe jioni, na Waingereza wakawafuata mwaka huohuo. Kwao ina maana, kwa sababu mwanga wa kiangazi unawaamkia mapema mno na wanautaka jioni. Kwetu ungesogeza saa ukasogeza tu saa.

Hata hivyo saa yetu haikuwa hivi tangu zamani. Enzi za ukoloni iliwahi kuwa saa 2 na nusu mbele ya Greenwich, tena ikawahi kuwa saa 2 na dakika 45. Nepal mpaka leo wana saa yenye robo namna hiyo, na India ina nusu, kwa hiyo mtu wa Kisumu anayefanya kazi na Wahindi anahesabu saa 2 na nusu kwenda mbele. Tena, ukifuata jua lenyewe, sisi wa magharibi tumepewa saa isiyo yetu kabisa. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na saa 3 kamili ni ya digrii 45 mashariki, ambayo iko Somalia huko. Kisumu iko karibu na digrii 35. Ndiyo sababu jua la Mombasa hutangulia la kwetu kwa kama dakika 20, na saa kumi na mbili asubuhi, wakati mtu wa pwani anakaribia kuona jua, Luanda bado ni giza. Kumbuka hilo giza, lina kazi yake mbele.

Wanaobadilisha ndio wanaotuchanganya, kwa sababu hawabadilishi pamoja. Marekani, tangu mwaka 2007, inasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya na Uingereza ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Melbourne iko kusini mwa dunia, kwa hiyo mambo yao yamepinduka: wanaenda mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba, wanarudi nyuma Jumapili ya kwanza ya Aprili. Halafu usidhani nchi moja ni saa moja. Phoenix ya Marekani haibadilishi kabisa. Brisbane ya Australia haibadilishi, wala Perth, ambayo iko saa 5 mbele yetu siku zote. Mtu akiniuliza "Australia saa hizi ni saa ngapi?" namuuliza Australia ya wapi.

Kwa familia yetu inatoka hivi. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao na saa 9 wakati wa baridi. Melbourne iko mbele yetu kwa saa 7 wakati wa baridi yao na saa 8 wakati wa joto. Kati ya Kaka na Dada, basi, kuna saa 15, au 16, au 17, kutegemea mwezi, na tofauti hiyo inabadilika mara 4 kwa mwaka. Wao wawili walikuwa wanajaribu kupangiana moja kwa moja na kila mara mmoja anakuta mwenzake amezima simu. Tulipokubaliana kwamba kila mtu ahesabu kwa Kenya peke yake, asihesabu kwa mwenzake, vurugu nyingi zilikwisha siku hiyohiyo. Sisi ndio tuko katikati na sisi ndio hatusogei. Kaka anajua tarakimu zake 2, Dada anajua zake 2, basi.

Saa tuliyochagua ni Jumapili saa tisa alasiri. Ibada imekwisha, Mama amekula, hajaanza shughuli za jioni. Kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Oktoba, saa tisa ya Luanda ni saa moja asubuhi Minneapolis, Kaka anatoka zamu, anakaa kwenye gari lake hapo maegeshoni na sare yake ya kazi, kikombe cha kahawa juu ya dashibodi. Melbourne ni saa nne usiku, watoto wamelala, Dada anaongea kwa sauti ya chini. Mmoja anamaliza usiku, mwingine anauingia, na sisi mchana kweupe.

Tuliandikiana namna ya kuandika saa pia. Kwenye kikundi inaandikwa 15:00 Kenya, kwa mdomo tunasema saa tisa. Watoto wa Kaka wamezaliwa kule, na Kiswahili wanakielewa, ila wakisikia saa tisa wanaiona tisa ya kwao, na mara nyingine wao ndio humwekea baba yao kengele. Kuandika tarakimu kulimaliza hilo. Na baada ya tarakimu lazima jina la mji au nchi, siyo zile herufi 3 ambazo Wamarekani wanapenda kuzibandika. CST kwa Kaka ni saa ya katikati ya Marekani wakati wa baridi, lakini kwa mtu wa Beijing ni saa ya China. IST inaweza kuwa ya India, ya Israeli au ya Ireland. Zaidi ya hapo, Wamarekani wengi wanaendelea kuandika EST, saa ya mashariki ya Marekani wakati wa baridi, hata Julai, wakati saa hiyo haitumiki tena mpaka Novemba. Andika mji. Mji haubishani.

Kuna kitu kimoja kinachowaponyoka hata wasomi, nacho ni ule mwaliko wa kalenda unaojirudia. Kaka, kwa uzuri kabisa, alitutengenezea mwaliko wa kila mwezi akiwa Minneapolis: saa moja asubuhi yake. Ulikaa vizuri mpaka Novemba. Marekani iliporudisha saa, mwaliko ulibaki saa moja asubuhi kwake, ukahamia saa kumi jioni kwetu, na Dada ukamlilia saa sita kamili ya usiku, mtoto mdogo akaamka na kulia mpaka karibu saa nane. Kalenda haikukosea. Mwaliko unafuata saa ya mahali ulipofunguliwa, kwa hiyo aliyeufungua habanduki, wengine ndio wanaosukumwa huku na huku. Ni hadithi ya pesa ileile, imevaa nguo za kompyuta. Siku hizi mwaliko naufungua mimi, Kisumu, saa ya Nairobi, ili Mama asisogezwe.

Jirani yangu anayefanya kazi na wenzake wa Atlanta analijua hilo vizuri. Kisumu imezoea saa za Atlanta kwa miaka mingi kwa sababu ya utafiti wa malaria ambao KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wamekuwa wakiufanya pamoja pale Kisian, na makao makuu ya CDC yako Atlanta. Saa tatu asubuhi ya Atlanta ni saa kumi jioni yetu, na ikifika Novemba inakuwa saa kumi na moja. Saa moja tu, lakini ni ile saa ya kupata matatu kabla foleni haijaanza na kuingia nyumbani kukiwa bado na mwanga.

Kuikumbuka hiyo Jumapili ya Novemba nina dawa yangu: mbio za marathoni za New York. Zinakimbiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huo. Ukiona watu wamejikusanya mbele ya televisheni wakiwaangalia vijana wetu wakipanda madaraja ya New York, jua kwamba Marekani ilirudisha saa usiku wa kuamkia siku hiyo. Zile Jumapili nyingine nimezizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya duka la mbegu iliyoning'inia sebuleni kwa Mama, na pembeni nimeandika jina la aliyehama. Machi, Kaka. Aprili, Dada. Oktoba, Dada. Novemba, Kaka. Mama akipita hapo anasema, "Hawa watoto hawatulii."

Mpaka hapa nimekuwa nikizungumza kana kwamba umbali wa saa ndio tatizo. Binti ya senje anakataa hilo kwa maisha yake. Riyadh na Luanda ni saa ileile, dakika kwa dakika, hawabadilishi na sisi hatubadilishi. Na bado yeye ndiye mgumu kupatikana kuliko wote. Wiki ya kazi kule inaanza Jumapili, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mkutano wetu wa Jumapili unamkuta katikati ya kufua na kupika na watoto wa watu wanarudi kutoka shuleni. Simu anaishika usiku, wenye nyumba wakishalala. Wakati wa Ramadhani nyumba inakaa macho mpaka daku, na hapo hata huo usiku haupo.

Kwa hiyo yeye haingii kwenye mkutano. Tunamtumia muhtasari wa sauti, dakika chache, ninaurekodi mimi nikiwa bado nimekaa kwa Mama, na yeye anatujibu usiku kwa ujumbe wa sauti akinong'ona, unasikia friji ikiunguruma nyuma yake. "Nimesikia habari ya mabati. Nitatuma mwisho wa mwezi. Mwambieni Senje asibebe maji." Senje huyo ni Mama yetu, kwake ni mke wa mjomba lakini tangu utotoni amemwita senje na hakuna aliyemsahihisha. Mama anausikiliza ujumbe asubuhi, anaurudia. Kwenye orodha ya waliohudhuria jina lake linaandikwa kama la wengine, na nimekataa kabisa pendekezo la kitinda mimba kwamba tuweke alama ya kuomba udhuru. Udhuru wa nini? Amehudhuria. Amehudhuria saa sita usiku.

Kuna simu nyingine ambayo haipangwi kwenye kalenda, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Baba mdogo alifariki mwezi wa Agosti, hospitalini hapa Kisumu, alfajiri. Tulipomaliza kusimama pale koridoni na kupewa vitu vyake kwenye mfuko wa karatasi, ilikuwa inagonga saa moja asubuhi. Nikatoa simu nimpigie Kaka. Saa moja asubuhi ya Kisumu mwezi wa Agosti ni saa tano usiku Minneapolis, yaani dakika ileile anapopokea zamu. Ana sakafu nzima ya wazee wa kugeuza na kuwapa dawa, na mwenzake mmoja. Ukimwambia sasa, atafanya nini? Hawezi kuondoka mpaka aje mtu wa kumshika zamu. Atalia chooni, atarudi kumgeuza mzee wa watu. Na baba mdogo ndiye aliyemsomesha.

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbao, aliuliza swali moja: "Anatoka saa ngapi?" Nikamwambia saa tisa yetu. Akasema, "Basi aambiwe saa tisa."

Saa nane za kushika habari kama hiyo ni nyingi. Siku hizi mtu anafariki na kabla mwili haujafika mochari tayari kuna picha ya mshumaa kwenye Facebook. Tulipiga simu nyumba kwa nyumba kuomba watu wasiandike kitu. Mwenyekiti wa kikundi cha ukoo akafunga kikundi, wasimamizi tu ndio waweze kutuma. Binamu mmoja wa mbali alikuwa ameshaweka pole zake, alipigiwa, akafuta. Dada tulimwambia mara moja, kwake ilikuwa saa nane mchana na mumewe alikuwa nyumbani. Wa Riyadh tulimwachia usiku. Kwa upande wa Kaka tulimtafuta mtu wa kwetu, mzee wa kanisa anayeishi si mbali naye, tukamweleza, naye akaenda kumngoja pale maegeshoni alfajiri ya kule. Kaka alipotoka alimkuta amesimama kando ya gari lake. Alituambia baadaye kwamba alipomwona tu alijua, alichokuwa hajui ni nani.

Kuna ndugu waliotulaumu. Senje mmoja alisema kifo hakina saa, mtoto mkubwa ndiye wa kwanza kuambiwa, na kumficha ni dharau. Nimemsikia, na namheshimu. Lakini nikiulizwa leo ningefanya vilevile, na hata Kaka mwenyewe amesema vilevile. Tangu hapo kila mmoja wetu wa ng'ambo ametupa jina na nambari ya mtu mmoja anayeishi karibu naye, wa kwenda kugonga mlango. Kazi ya mtu huyo haiwezi kufanywa na simu, hata ukiijua saa ya kule kwa sekunde.

Turudi kwenye Jumapili, kwa sababu ile saa tisa nzuri ina kasoro, na kasoro yake ni miezi ya Novemba hadi Machi. Wakati huo saa tisa yetu ni saa kumi na mbili asubuhi kwa Kaka, bado yuko ndani ya zamu. Tukisogeza hadi saa kumi ili atoke, kwa Dada inakuwa saa sita usiku. Tulibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko juu ya mpaka wa shamba. Kaka akasema ataomba kutoka mapema, tukajua hawezi. Dada akasema atavumilia, na sauti yake ikasema hatavumilia. Mtu akapendekeza wapokezane, mwezi huu aumie huyu, mwezi ujao yule, na karibu tukubali.

Mama ndiye aliyeuliza kwa nini haumii mtu wa Kenya. Tukacheka kwanza. Halafu nikakaa na kalamu. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi ya Luanda ni Jumamosi saa tatu usiku Minneapolis, Kaka ameamka, amekula, ana saa 2 kabla ya kuingia kazini. Melbourne ni Jumapili saa nane mchana, watoto wanacheza nje. Hakuna hata mmoja wao anayepoteza usingizi. Wanaopoteza ni mimi na kitinda mimba, katika lile giza la magharibi nililokwambia ulikumbuke, na kitinda mimba Jumamosi usiku si mtu wa kulala mapema. Mama halimgusi. "Saa hiyo mimi nishakamua," alisema.

Mara ya kwanza Kaka hakuonekana. Tulingoja, tukaendelea bila yeye. Kesho yake, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, simu ya Mama ikaita, Kaka yuko tayari na daftari lake, anauliza wengine wako wapi. Alikuwa ameshika neno Jumapili akalitimiza kwa uaminifu wote, Jumapili ya Minneapolis, saa tatu usiku. Mama hakumkatiza. Walimaliza ajenda yote wao wawili, na ya shamba wakaipitisha bila sisi. Tangu hapo mwaliko wa miezi ya baridi unaandikwa siku mbili: Jumapili 06:00 Kenya, Jumamosi 21:00 Minneapolis.

Na mambo hayajakaa sawa bado. Binti wa marehemu baba mdogo, huyo tuliyekuwa tunamlipia karo kwenye simu hizi, amepata nafasi ya kusomea uuguzi Denver na anangoja viza. Denver iko saa 1 nyuma ya Minneapolis. Saa tisa yetu ya alasiri itamkuta saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili wakati wa kiangazi, na nimemwambia mapema asije akashangaa. Amenijibu kwamba yeye saa hiyo hataweza, mwanafunzi lazima alale. Nimemkumbusha kwamba bwenini alikuwa anaamshwa saa kumi na nusu kwenda kusoma. Amesema ndiyo sababu.